Kabla Hujaing'oa Kifuniko cha Prosesa

Fungua ubavu wa kompyuta yako ya mezani, iwashe, ipe kazi nzito kwa dakika kumi, kisha gusa kwa tahadhari mirija ya shaba ya hitisinki, pale inapochomoza juu ya prosesa. Kama programu ya kupima joto inasema nyuzi 95 na mirija ile ni vuguvugu tu, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani, joto halijafika kwenye hitisinki. Limekwama njiani. Kama mirija inakufanya uondoe kidole haraka, joto limefika, ila hitisinki imeshindwa kulitupa nje. Ni magonjwa mawili tofauti na hayana dawa moja. Wengi wanaoniletea prosesa wakitaka niing'oe kifuniko wana ugonjwa wa pili, na wengine hawana ugonjwa wowote.

Nasema hivi mapema kwa sababu kung'oa kifuniko kumekuwa na sifa kubwa kuliko manufaa yake. Kijana anaona video, nyuzi zinashuka ishirini kwa dakika chache, naye anatafuta wembe. Kazi yenyewe ipo na ina faida ya kweli, lakini kwa prosesa za aina fulani, za miaka fulani, mikononi mwa mtu mwenye sababu. Ukiwa nje ya hapo, unaihatarisha prosesa nzima ili upate namba ndogo kwenye skrini.

Kwanza tuelewane kuhusu kilichomo ndani. Lile bati la fedha lenye maandishi unaloliona juu ya prosesa si prosesa yenyewe. Ni kifuniko cha shaba kilichopakwa nikeli, chenye unene wa milimita mbili au tatu hivi. Chini yake kuna kipande chembamba cha silikoni kinachong'aa kama kioo cheusi, mara nyingi kidogo kuliko ukucha wa dole gumba, na humo ndimo kazi yote inamofanyika. Kifuniko kipo ili kuilinda silikoni na kulisambaza joto lake kwenye eneo kubwa zaidi. Waliokuwa wakifunga kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanazikumbuka Athlon XP na Duron za AMD, ambazo hazikuwa na kifuniko: ukibana hitisinki upande mmoja kabla ya mwingine, kona ya silikoni inamegeka, na prosesa imekwenda.

Kati ya silikoni na kifuniko lazima pawe na kitu cha kupitisha joto. Ama ni solda, kwa kawaida ya indiumu, inayoshika pande zote mbili, ama ni pesti ya joto kama ile unayopaka wewe juu ya kifuniko. Hapa ndipo penye uamuzi wote. Sandy Bridge ya Intel, ya mwaka 2011, ilikuwa na solda kwenye prosesa kama i7-2600K. Mwaka uliofuata ikaja Ivy Bridge, na i7-3770K ikatoka na pesti badala ya solda. Pesti ikaendelea kwenye i7-4770K ya 2013, i7-4790K ya 2014 ambayo ilipewa pesti bora kidogo, i7-6700K ya 2015, kisha i7-7700K na i7-8700K, zote mbili za 2017. Oktoba 2018, i9-9900K ikarudi na solda. Upande wa AMD, Ryzen zimekuwa na solda tangu 2017, isipokuwa chache zenye michoro ndani yake, kama 2200G na 2400G.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama inafaa, simjibu kabla hajanitajia jina kamili la prosesa.

Tufanye hesabu ndogo, maana inaondoa ubishi mwingi. Chukua prosesa inayotoa wati 90 kupitia silikoni yenye milimita za mraba 125. Weka juu yake pesti ya kawaida inayopitisha wati 4 kwa mita kwa kila nyuzi, yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Ili joto hilo lipite, chini ya pesti lazima pawe na joto zaidi kuliko juu yake kwa nyuzi 18 hivi. Sasa chukua pesti ileile, ipunguze unene hadi sehemu moja ya hamsini ya milimita. Tofauti inashuka hadi chini ya nyuzi 4. Hujabadilisha pesti, umebadilisha unene tu. Na huo ndio ulikuwa ugonjwa wa prosesa zile: gundi nyeusi ya mpira wa silikoni inayoshika kingo za kifuniko ilikiinua kidogo, pakabaki nafasi, na pesti ikalazimika kuijaza nafasi hiyo. Ndiyo maana watu waliong'oa kifuniko, wakakwangua gundi ile na kurudisha pesti nzuri tu, bila metali ya majimaji ambayo wengine huiweka badala ya pesti, walipata nafuu kubwa.

Ukiipeleka hesabu hiyohiyo kwenye prosesa ya kompyuta ya ofisi, i5-6500 kwa mfano, inayohesabiwa wati 65 na mara nyingi inakula pungufu ya hapo, faida inasinyaa. Unaweza kushusha nyuzi saba au nane kwenye prosesa ambayo haikuwa ikikaribia kikomo chake. Na kompyuta za mtumba tulizo nazo wengi wetu, zile nyembamba zilizotoka kwenye ofisi za ng'ambo, ndizo zenye prosesa za namna hiyo. Ziache na vifuniko vyake.

Kuna jambo watu hawapendi kulisikia: nyuzi si kasi. Kikomo cha i7-7700K ni nyuzi 100. Ikiwa na 70 au ikiwa na 88, kwa mwendo uleule inafanya kazi ileile kwa muda uleule. Kasi inapotea pale tu prosesa inapogusa kikomo na kuanza kujipunguzia mwendo ili isiungue. Basi kabla ya lolote, angalia kama inajipunguzia. Kwenye Windows, HWiNFO inaonyesha joto la kila kiini, mwendo wake, na alama ya ndiyo au hapana kama kikomo kimeguswa. Kwenye Linux, amri ya sensors inatosha kwa kuanzia. Ipe prosesa kazi yako halisi, yaani uchakataji wa video, mchezo au programu ya kuchora majengo. Vipimo vya kuitesa kama Prime95 vinaipandisha mahali ambapo kazi zako huenda haziifikishi mwaka mzima. Kama mwendo haushuki, unachoweza kununua kwa kung'oa kifuniko ni ukimya wa feni na nafasi ya kuongeza kasi kupita ya kiwandani. Ni vitu vizuri kwa anayevihitaji, lakini uvijue kwa majina yake.

Andika pia joto la chumba. Ukipima Arusha asubuhi ya Julai na mwenzako akapima Tanga saa nane mchana mwezi Februari, namba zenu haziwezi kulinganishwa. Chumba chenye nyuzi 33 kinaanza na nyuzi kumi na moja zaidi ya chumba chenye 22, na nyuzi hizo zinakwenda karibu zote hadi kwenye prosesa. Nimewaona watu wa pwani wakikata tamaa kwa sababu matokeo yao hayakufanana na ya mtu aliyepima Ujerumani wakati wa baridi, na hapakuwa na kosa lolote. Toa joto la chumba kwenye joto la prosesa, uitunze tofauti. Hiyo ndiyo namba yako.

Kipimo kingine ni cha saa. Tazama grafu unapoianzisha kazi nzito. Joto likiruka kutoka 45 hadi 90 ndani ya sekunde moja au mbili, na likishuka vivyo hivyo unapoisimamisha kazi, kuna kizuizi karibu sana na silikoni: pesti ya ndani, au pesti uliyopaka wewe, au hitisinki iliyokaa upande. Likipanda taratibu kwa dakika tano, sita, saba, bila kutulia, basi ni hitisinki, feni au hewa iliyofungiwa ndani ya kasha. Linganisha pia viini vyenyewe. Kimoja kikiwa na nyuzi 92 na jirani yake 74 kwa kazi sawa, pesti haijakaa sawasawa mahali fulani.

Ukishajua joto limekwama wapi, anza na yasiyo na hatari. Naomba usiyaruke. Juzi nililetewa kompyuta ya mezani ya mtu anayehariri video za harusi, yenye i7-7700K, naye alikuwa amekwisha kuamua kwamba kifuniko king'olewe. Nikaichomoa feni ya hitisinki. Kati ya feni na mapezi palikuwa na tabaka la vumbi lililoshikana kiasi kwamba lilibanduka zima, kama kipande cha blanketi la kijivu, na alama ya mzunguko wa feni ikabaki imechorwa juu yake. Nyuma yake mapezi yalikuwa masafi kabisa, kwa kuwa hewa haikuwa ikiyafikia. Tukapuliza, tukaifuta pesti ya zamani kwa alkoholi ya isopropili, tukapaka mpya. Kutoka kujipunguzia mwendo kwenye nyuzi 100, ikatulia 86 kwa kazi ileile.

Unapopuliza, shika feni kwa kidole isizunguke. Kompresa ya fundi wa pancha inaweza kuizungusha hadi beringi ife, na mara nyingi inatema maji pamoja na hewa, kwa hiyo bloa ya umeme ni salama zaidi. Baada ya vumbi na pesti, angalia kama kasha lina njia ya hewa kuingia mbele na kutoka nyuma. Kuna makasha ya vioo mbele yanayopendeza sana na kuzimisha pumzi ya kompyuta. Kisha ingia kwenye BIOS. Madabodi nyingi hupeleka volti zaidi ya zile prosesa inazohitaji. Kupunguza volti hatua ndogondogo, milivolti 10 kwa 10, huku ukijaribu kazi zako kila hatua, kunaweza kukushushia nyuzi nyingi bila kugusa kitu kwa mkono. Umeme unaotumika unakwenda kwa mraba wa volti, ndiyo maana punguzo dogo linaonekana. Ukizidisha, kompyuta itaganda au kujizima, nawe unarudi hatua moja nyuma. Kwenye baadhi ya madabodi na prosesa mpango huo umefungwa, na hapo huna la kufanya.

Mwenye laptopu hana cha kung'oa. Prosesa za laptopu hazina kifuniko, hitisinki inakaa juu ya silikoni moja kwa moja. Kazi yako ni vumbi na pesti, na ukiona pesti inakimbilia kingoni baada ya miezi michache, tafuta bamba jembamba linalolainika kwa joto, kama PTM7950 ya Honeywell, ambalo linadumu vizuri zaidi juu ya silikoni tupu. Metali ya majimaji ndani ya laptopu inayobebwa begani kila siku sikushauri. Sony waliiweka kwenye PlayStation 5 ya mwaka 2020, lakini waliijengea kizuizi kuizunguka tangu kiwandani. Wewe huna kizuizi hicho.

Sasa tuseme umefanya hayo yote, prosesa yako ni ya kizazi cha pesti, hitisinki ni nzuri na haipati joto, nawe unahitaji mwendo ule. Rafiki yangu wa video za harusi alikuwa hivyo. Nyuzi 86 zilimtosha mwezi wa Julai, lakini alijua Januari itafika, na kazi zake za usiku kucha zilikuwa zinangoja malipo. Hapo nilikubali.

Wembe usiuguse. Prosesa ya kwanza niliyoifungua, i7-6700K, niliikata kwa wembe, na sahani ya kijani inayobeba silikoni, ya kizazi kile, ni nyembamba kuliko ya waliotangulia. Wembe ulizama chini kidogo kwenye kona moja, labda nusu milimita. Kompyuta iliwaka, nikafurahi, kisha nikaona nusu ya RAM haionekani. Nyaya za ndani ya sahani zinazokwenda kwenye chaneli moja ya kumbukumbu zilikuwa zimekatika, na hakuna fundi wa kuziunga. Mwenye kompyuta alikuwa ameniamini. Nilimlipa, na tangu hapo sijawahi kumruhusu mtu afanye kazi hii bila kifaa chake maalumu.

Kifaa hicho ni kijiliwa kidogo kilichotengenezwa kwa vipimo vya prosesa husika, na cha kizazi kimoja huenda kisifae kingine. Mjerumani Roman Hartung, anayejulikana kama der8auer, ndiye aliyekifanya kijulikane kwa Delid-Die-Mate yake. Prosesa inalala ndani, skrubu inasukuma kifuniko kwa upande, taratibu, robo mzunguko kwa robo mzunguko, mpaka gundi inaachia kwa mlio mkavu, tak. Usishtuke. Kinyanyue kifuniko uone: mara nyingi utakuta pesti imekauka, inabanduka kama lipu ya ukuta wa zamani.

Ikwangue gundi nyeusi yote, kwenye sahani na kwenye kifuniko, kwa kadi ya plastiki iliyokwisha muda. Bisibisi na kisu weka mbali. Hapa ndipo nafuu yako kubwa ilipo, kwa hiyo usiwe na haraka. Futa silikoni kwa alkoholi mpaka ujione uso wako ndani yake. Kisha angalia kama pembeni ya silikoni kuna vipande vidogo vya umeme, kama ilivyo kwenye i7-4770K. Vifunike kwa rangi ya kucha isiyo na rangi, mapako mawili, uache ikauke kabisa, kwa sababu metali ya majimaji inapitisha umeme na tone moja lililopotea linatosha kuiua prosesa.

Metali hiyo ina galiumu ndani yake. Itoe tone dogo kama kichwa cha pini. Ukilisukuma kwa kijiti cha pamba, mwanzoni linakataa, linaviringika kama zebaki. Endelea kulisugua bila kukandamiza, na ghafla silikoni inalikubali na kuwa kioo. Fanya hivyohivyo upande wa ndani wa kifuniko, kwa eneo la ukubwa wa silikoni tu. Likibaki linatikisika kama maji ni jingi, lipunguze kwa sindano ya bomba. Na alumini isiwepo karibu: galiumu inaingia ndani ya alumini na kuifanya ivunjike kama biskuti. Shaba tupu inainyonya taratibu na kubadilika rangi, nikeli inavumilia. Kwa kuwa kifuniko kimepakwa nikeli, uko salama, mradi metali ibaki ndani na juu ya kifuniko upake pesti ya kawaida.

Rudisha kifuniko kwa nukta nne ndogo za gundi ya mpira wa silikoni ya kustahimili joto kwenye kona, zisiwe nene, la sivyo unarudisha ugonjwa uleule. Unapokifunga kishikio cha soketi, bonyeza kifuniko kwa kidole kisiteleze. Acha usiku kucha kabla ya kuwasha. Ile i7-7700K ilitoka 86 ikatulia 69 katika chumba kilekile, kwa kazi ileile, na feni ikapungua kelele.

Prosesa zenye solda ni habari nyingine. Indiumu inayeyuka kwenye nyuzi 157 hivi, na ukivuta kifuniko kabla haijalegea unaweza kuondoka na kipande cha silikoni. Faida nayo ni ndogo, kwa sababu solda tayari inapitisha joto mara nyingi zaidi kuliko pesti. Ryzen 7000 za Septemba 2022 zina kifuniko kinene, na der8auer alionyesha takribani nyuzi 20 zikiondoka alipokitoa na kuweka kipozeo juu ya silikoni tupu. Lakini prosesa hizo zimepangwa kufika nyuzi 95 chini ya kazi nzito na kukaa hapo, na hitisinki ya kawaida haikai vizuri kifuniko kikiondoka kwa sababu kimo kimebadilika. Kwa mtu wa kawaida, kuiwekea 7950X ya kizazi hicho kikomo cha wati 105 au 65 kwenye BIOS, mpango ambao AMD wenyewe wameuweka, kunashusha joto zaidi bila kuhatarisha lolote, na kwenye michezo mingi hutaona tofauti kubwa. Intel za soketi ya LGA1700, kuanzia i9-12900K ya 2021, zina tatizo jingine: kishikio cha soketi kinazipinda kidogo katikati. Fremu inayochukua nafasi ya kishikio hicho inanyoosha mambo kwa nyuzi chache, na kifuniko kinabaki mahali pake.

Kuhusu kukisugua kifuniko kwa msasa juu ya kioo ili kinyooke, msasa namba 400 kisha 800 na kuendelea, nasema ni jasho jingi kwa nyuzi mbili tatu. Unaondoa nikeli, unafuta na maandishi. Prosesa isiyo na jina haina dhamana na haina mnunuzi.

Dhamana, kwa kweli, inakufa siku unapogusa kifuniko, njia yoyote uliyotumia. Kwa prosesa ya 2017 imekwisha siku nyingi na jambo hilo halina uzito. Kwa ya mwaka huu fikiria mara mbili.

Ukishamaliza, rudia vipimo vyako vya mwanzo: chumba, kazi, grafu, tofauti. Viandike kwenye karatasi ubandike ndani ya kasha, pamoja na tarehe na neno moja: metali. Rudia baada ya miezi sita. Tofauti ikiwa imepanda nyuzi zaidi ya tano na vumbi halipo, fungua tena uangalie. Na siku ukiiuza, mwonyeshe mnunuzi karatasi hiyo kabla hajatoa pesa, ili fundi wake wa kesho asije akainua hitisinki na kukuta kifuniko kimebaki mkononi mwake.